Kororo si kanga dume: jibu kwa mfugaji wa Kwale

Swali: "Mimi ni mfugaji mdogo, nakaa Kwale, si mbali na msitu wa Shimba Hills. Nina kanga kumi na wanne. Mwezi uliopita mbwa wa jirani alikurupusha kundi la ndege weusi pembezoni mwa msitu, wakarukia mwembe na kupiga kelele mpaka nikatoka nje. Wana madoa kama kanga, lakini kichwani wana nywele, kama mtu aliyefumua nywele akasahau kuchana. Jirani anasema hao ni kanga dume wa mwituni. Marehemu babu yangu alikuwa akiwaita kororo. Kitabu cha ndege cha mwanangu kinasema Guttera pucherani, programu ya simu inasema Guttera edouardi. Nimshike nani? Na je, nikiokota mayai yao nikamwekea kuku ayaatamie, vifaranga watakuja kuchanganyika na kanga wangu?"

Ndugu yangu, mshike babu. Hao ni kororo, wala sina haja ya picha; hizo nywele ulizozieleza zimenitosha. Kitabu cha mwanao nacho kimesema kweli. Programu ya simu imekosea, ila kosa lake lina historia, na historia hiyo nitakusimulia kwa sababu ndiyo yenye utamu. Aliyepotea njia kabisa ni jirani.

Nimalizane naye kwanza. Kanga dume na kanga jike hufanana mno, na wewe mwenye kanga kumi na wanne bila shaka umeshahangaika kuwatenganisha. Dume huwa na pembe kubwa kidogo na vile vinyama vya mashavuni vikubwa zaidi, lakini anayetaka uhakika hufumba macho akasikiliza: mlio wa mapigo mawili, wa pili ukipanda juu, ni wa jike. Dume hana huo. Hakuna umri wala msimu ambapo kanga dume huota shungi. Na kwa kororo ni vivyo hivyo, dume na jike wamevaa sare moja, jike akiwa mdogo kidogo tu. Kundi zima uliloliona juu ya mwembe lilikuwa na waume, wake na pengine watoto wa mwaka huo, wote na shungi zao.

Sasa waweke hao wawili sako kwa bako. Kanga wako ana pembe ya mfupa utosini. Kororo hana mfupa wowote pale. Ana shungi la manyoya meusi yaliyojikunja, mazito, yanayotikisika anapotembea. Rangi ya kanga ukimtazama kwa mbali ni kijivu, maana madoa yake meupe ni makubwa. Kororo ni mweusi hasa, na madoa yake ni madogo mno, yenye weupe unaoelekea buluu, kama mtu amemnyunyizia maji ya nili kwa ufagio. Akikunja bawa, ukingoni huonekana mchirizi mweupe, na akiruka mchirizi ule humulika. Kanga ni wa mbugani, wa mashambani, wa penye jua. Kororo ni wa kivulini: msitu, vichaka vinene, mabonde ya mito yenye miti. Atatoka kando ya msitu asubuhi na jioni, lakini hakai mbali na pa kujificha.

Umeniandikia kana kwamba kupaa kwao mtini kulikushangaza. Kusikushangaze. Maisha ya kororo yamegawanyika, chakula chini na usalama juu. Mchana kutwa anachakura majani makavu akitafuta mbegu, matunda yaliyoanguka, mizizi, mchwa, konokono. Jike hutaga chini pia, kwenye kishimo kidogo kilichofichwa na majani. Lakini ukiingia ukungu wa jioni kundi lote hupanda kulala matawini, na wakati wowote wa hatari hurukia huko huko. Mbwa wa jirani hakuwafundisha kitu.

Kama una subira ya kukaa kimya saa moja, nenda ukasikilize mahali penye kima. Niliwahi kukaa hivyo alfajiri kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, mgongo nimeuegemeza mti, sioni ndege hata mmoja. Juu kima walikuwa wanakula matunda kwa ile fujo yao: anauma mara moja anatupa, anachuma jingine. Chini nikaanza kusikia khrr, khrr, sauti ya majani yanayochakurwa, kama watu wanafagia uwanja. Kororo kumi na kitu walikuwa wanatembea chini ya kima, wanaokota makombo. Kima wakihamia mti wa pili, nao wanahama. Mmoja, nadhani alikuwa dume, akaokota kitu mdomoni, badala ya kumeza akajongea kwa mwenzake ameinamisha kichwa, akampa. Ndivyo wanavyoposa. Kisha nikapiga chafya, na hapo sikuona tena posa wala makombo. Msitu mzima ulijaa ule mlio wao mkavu wa kukereza, krrr-krrr-krrr, na kima nao wakaanza kulalamika huko juu. Masikioni mwangu jina kororo limetoka humo humo kwenye mlio.

Basi tuje kwenye uainishaji, ambao ndio kiini cha swali lako.

Kuku, kanga, kwale (ndege, si kaunti yako), tombo, bata mzinga na tausi wote ni wa oda moja, Galliformes. Zamani wataalamu waliwaweka kanga kama tawi dogo ndani ya familia ya kuku na kwale. Siku hizi wana familia yao wenyewe, Numididae, na familia hiyo ni ya Afrika tupu. Ina jenasi nne, yaani makundi ya spishi zilizo karibu zaidi. Numida ina spishi moja, kanga wako. Acryllium ina moja, kanga tumbusi, yule mrefu mwenye kichwa kitupu kama cha tai mzoga na kidari cha buluu inayong'aa, wa maeneo makavu ya Somalia, Ethiopia, Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Agelastes ina mbili, za misitu ya magharibi na kati ya Afrika, nazo hazina yale madoa ambayo sisi tunadhani ndiyo ukanga wenyewe. Ya nne ni Guttera, jenasi ya wenye mashungi, iliyopewa jina hilo na Mjerumani Wagler mwaka 1832 kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya tone. Madoa tena.

Kwa hiyo kororo na kanga wako ni ndugu wa familia, si wa nyumba moja. Tofauti yao haiishii kichwani. Miaka kadhaa nyuma nilipewa kororo aliyegongwa na gari barabara ya Kinango. Alikuwa bado ana joto. Nilimpasua mezani, nikafika kwenye ule mfupa wenye umbo la panda ya manati ulio mbele ya kidari. Kwa kuku, pale panda zinapokutana pana kijiti bapa tu. Kwa kororo pana kikombe. Kikombe hasa, cha mfupa, unaingiza ncha ya kidole. Na ndani yake bomba la hewa linalotoka kooni limeshuka, likajikunja kitanzi, likatoka tena kuelekea kwenye mapafu. Ndege mdogo kiasi kile, kama kilo moja na kitu, amebeba tarumbeta iliyokunjwa kifuani. Kanga wako hana kikombe hicho. Ukichinja kanga siku ya wageni, hebu usiutupe mfupa ule, utazame kwanza.

Kuhusu jenasi hakuna anayegombana. Ugomvi uko kwenye spishi: ndani ya Guttera kuna ndege wangapi?

Mmoja hana utata. Ni Guttera plumifera wa misitu mikubwa ya bonde la Kongo, ambaye shungi lake limesimama wima kama brashi badala ya kujikunja. Cassin alimwandika mwaka 1857 na tangu hapo hakuna aliyemgusa. Wenye mashungi yaliyojikunja ndio wenye kesi.

Gustav Hartlaub alikuwa daktari wa Bremen, Ujerumani, aliyependa ndege wa Afrika kuliko wagonjwa, naweza kusema. Mwaka 1861 alichapisha maelezo ya ndege aliyempa jina la Jacques Pucheran, mtaalamu wa wanyama wa Paris, na mahali alipotoka ndege huyo aliandika Zanzibar. Huyo ndiye pucherani. Mwaka 1867 Hartlaub huyo huyo akampa jina edouardi mwingine, wa kusini mwa Afrika. Mwaka 1870 Mmarekani Daniel Giraud Elliot akaongeza wa tatu, verreauxi, wa upande wa magharibi. Wengine wakafuata, akiwemo Mwitaliano Ghigi aliyeandika barbata mwaka 1905.

Kumbuka mabwana hawa walikuwa wanashika nini mkononi. Ngozi kavu iliyojazwa pamba, imesafiri baharini miezi. Manyoya hustahimili safari, lakini rangi ya ngozi tupu ya kichwa na shingo haistahimili: ile nyekundu na ile buluu hufifia zikawa kahawia ya ngozi ya kiatu. Na kwa kororo, nusu ya ushahidi uko pale pale kwenye ngozi tupu. Mtoto wa Kwale aliyemwona kororo mara moja akiwa hai alikuwa na habari ambazo hazikuweza kufika mezani Bremen.

Hesabu ikawa inapanda na kushuka. Vitabu vya katikati ya karne iliyopita vilikuwa na kororo wawili: pucherani wa pwani yetu peke yake, na wengine wote chini ya edouardi. Mwaka 1978 Timothy Crowe wa Afrika Kusini akachapisha kazi kubwa juu ya kanga wote, akawaunganisha kororo hao kuwa spishi moja yenye nususpishi kadhaa. Sasa kuna kanuni katika kazi hii: mkiunganisha, jina la zamani kuliko yote ndilo linalobaki. Pucherani ni la 1861, edouardi la 1867. Hivyo kororo wa KwaZulu-Natal, ambaye hajawahi kuona karafuu, akaitwa kwa jina la ndege wa Zanzibar kwa miaka mingi. Kitabu cha mwanao kama kilichapwa katika kipindi hicho, kinapoandika Guttera pucherani kina maana ya kororo wote wenye shungi la kujikunja, kuanzia Guinea-Bissau hadi Natal.

Miaka ya karibuni orodha kubwa za ndege za dunia zimewagawa tena, safari hii mafungu matatu. Wa mashariki ni pucherani, kuanzia kusini mwa Somalia kupitia Kenya hadi mashariki mwa Tanzania, pamoja na Unguja. Wa magharibi ni verreauxi, kuanzia Afrika Magharibi, kupita Kongo na Uganda, hadi magharibi mwa Kenya na Tanzania na kushuka Angola na Zambia. Wa kusini ni edouardi, akimbeba ndani yake yule barbata wa kusini mashariki mwa Tanzania, Msumbiji na Malawi. Kwa mgawanyo huu kanga wote wa dunia wamekuwa spishi nane badala ya sita, na Tanzania imejikuta na kororo wote watatu, jambo ambalo sijawasikia Watanzania wakijisifia na wangestahili.

Ninaukubali mgawanyo huu, na sababu yangu iko shingoni. Kororo wa pwani ana wekundu kuzunguka macho na kooni, ngozi iliyobaki ni ya buluu, na madoa yake yanapanda kifuani mpaka yanagusa ngozi tupu ya shingo. Wale wawili wengine wana ukosi mweusi, mpana, usio na doa hata moja, kati ya kifua chenye madoa na shingo. Wa magharibi ana koo jekundu lakini macho yamezungukwa na buluu ya kijivu. Wa kusini hana wekundu kichwani kabisa. Kwa ndege anayeishi kwenye kiza cha msitu, kichwa ndicho kitambulisho. Ndicho anachokitazama mwenzake kabla ya kukubali kupewa ile mbegu mdomoni. Madoa ya mgongoni yanaweza kutofautiana kidogo nisijali. Uso ni habari nyingine.

Programu ya simu basi ilikosea vipi? Dhana yangu ni kwamba imefunzwa kwa picha, na picha nyingi za kororo hupigwa na watalii kwenye hifadhi za Afrika Kusini, ambako kororo huzunguka kambini kama kuku. Ikiona shungi la kujikunja husema jina la shungi lililozoeleka zaidi. Ingekuwa imeuliza uko wapi, ingejirekebisha. Kwale ni nchi ya pucherani.

Usiwacheke sana wataalamu kwa kubadili hesabu. Jamii hii ya ndege wa kuwindwa bado inatutoa jasho. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark waliokuwa kwenye milima ya Udzungwa waliona kwenye sufuria ya chakula kambini miguu ya ndege ambayo hawakuitambua. Ilikuwa ya kwale asiyejulikana na sayansi, aliyekuja kuandikwa rasmi mwaka 1994 kwa jina Xenoperdix udzungwensis. Ndugu zake wa karibu wako Asia. Wenyeji waliokuwa wakimla hawakuhitaji kugundua kitu.

Na mayai. Hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe.

Kuku anaweza kuatamia yai la kororo, sikatai. Huchukua kama siku 23, karibu na siku zake mwenyewe, kuliko za kanga zinazofika 26 hadi 28. Lakini Shimba Hills ni hifadhi ya taifa, na kuokota yai humo ni kosa sawa na kumkamata mama yake. Hata nje ya mipaka ya hifadhi, sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inataka kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kwa anayefuga ndege wa porini, na hilo linamhusu hata mwenye kanga. Kama hao kumi na wanne hawana karatasi, anza na hilo kabla ya kuwaza kororo.

Faida nayo siioni. Kuchanganyika unakokutaka ni kati ya jenasi mbili. Kanga amewahi kuzaa na kuku, watu wameona, na chotara wake huwa tasa, hataangua chochote. Sioni kwa nini ujitie gharama hiyo kwa kororo. Halafu kororo hutaga mayai machache, manne hadi saba kwa kawaida, wakati kanga mmoja mwenye afya anakutagia mengi zaidi ya hayo kwa msimu. Wahenga walisema kanga hazai ugenini. Kama kanga, ambaye watu wamemfuga karne nyingi, amesemwa hivyo, huyu wa kivulini atasemwaje ndani ya banda la mabati?

Ukiwa na hamu ya uzao bora, watazame kanga ulionao. Wakiwa na vinyama vya mashavuni vya buluu vyenye ncha nyekundu, hao asili yao ni kanga wa porini wa huku kwetu. Wakiwa na wekundu mwingi na weupe, damu yao ni ya kanga wa Afrika Magharibi, ndio waliofugwa wakapitia Ulaya na kurudi. Wengi mashambani siku hizi wamechanganyika, na hao kuchanganyika hakuna tatizo, ni spishi moja.

Kororo wakirudi kwenye mwembe, toa darubini ya mwanao kama anayo, uanzie shingoni: madoa yamefika mpaka kwenye ngozi, au yamekatwa na ukosi mweusi? Natarajia uniandikie kwamba yamefika. Ukiona ukosi mweusi Kwale, nipigie siku hiyo hiyo, nitapanda matatu ya kwanza. Na umwombe jirani afunge mbwa.